Udongo wa sashe: mugomba unataka maji yapite, hautaki yalale



Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ule wanaoita BXW, ulionekana Masisi katika mwaka wa 2001, mwaka ule ule ulionekana pia Uganda. Wachunguzi wa Université Catholique du Graben ya hapa Butembo walikuwa kati ya wale waliotangaza kama umeingia katika inchi yetu. Tangu hapo, familia nyingi zimengoa mashamba. Na kila mutu anajua maana yake: shamba la ndizi likikufa, chakula kinapunguka, kasiksi inapunguka, na feza ya masomo ya watoto inakosekana.

Kwa kupanda tena, koperative nyingi zinatengeneza miche yao zenyewe kwa njia ya PIF, ile iliyotoka kwa wachunguzi wa CARBAP kule Kameruni. Tunachukua shina la ndani ya udongo la mugomba wenye afya, tunalisafisha, tunalilaza katika unga wa mbao chini ya plastiki, na linatoa miche mingi. Mpaka hapo kazi inaendelea muzuri. Kisha tunahamisha miche ndani ya sashe, na hapo ndipo tunapoteza mingi. Mara nyingi jua haliko na kosa. Miche inakufa juu maji yamelala ndani ya sashe. Katika somo hili, tutajifunza kutengeneza udongo wa sashe ambao unashika maji kidogo na kuacha mengine yapite.

Kwa nini maji yanaua muche

Mizizi ya mugomba inapumua. Kati ya punje za udongo kuko nafasi ndogo na nafasi kubwa. Nafasi ndogo zinashika maji, nafasi kubwa zinashika hewa. Maji yakijaza nafasi zote kwa siku nyingi, mizizi inakosa hewa na inaoza.

Katika shamba, maji ya mvua yanashuka mbali chini. Ndani ya sashe hayawezi kushuka mbali, juu kuko mwisho. Hata kama mumetoboa matundu, kuko maji ambayo yanabakia pale chini. Mujaribu na sponji ya kuoshea sahani. Muilowanishe sana, muishike ikilala kwenye mukono, mungoje mpaka iache kutonya. Sasa muisimamishe wima. Itaanza kutonya tena! Sponji ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni urefu.

Hapo tunapata mafundisho mawili:

- Sashe ndefu na nyembamba ni nzuri kuliko beseni fupi na pana, juu katika chombo kifupi ile sehemu yenye maji inakaribia mizizi yote.
- Kutia mawe chini ya sashe hakusaidii. Wengi wetu tunafanya vile tukifikiri maji yatapita vizuri. Lakini maji yanangoja juu ya mawe, kwenye mwisho wa udongo, na mizizi inabakia na nafasi ndogo zaidi. Mawe yanafaa kuwekwa chini ya sashe, kwa inje, ili matundu yasizibwe na matope.

Namna gani kutambua muche wenye maji mengi? Majani yanakuwa manjano na yanalala, hata kama udongo umelowana. Mukulima akiona majani yamelala, anasema, "Maskini, iko na kiu," na anaongeza maji. Kwa hiyo, mbele ya kutia maji, mutie kidole ndani ya udongo. Kama kidole kinatoka na matope, musitie. Muchane sashe moja muangalie: mizizi yenye afya ni myeupe na migumu, iliyooza ni nyeusi, laini, na inanuka.

Lakini mujihazari: muche ukinyauka, mukate shina lake. Kukitoka maji mazito ya rangi ya manjano sawa usaha, huo ni ugonjwa wa BXW. Muutoe na muuzike mbali, na mupitishe kisu kwenye moto mbele ya kugusa muche mwingine.

Vitu vitatu vya kuchanganya

*1. Udongo wa juu.* Muchukue udongo mweusi wa juu, si zaidi ya sentimeta 15 za kwanza. Musichukue katika shamba la migomba, hata kama linaonekana zima, juu udongo wake unaweza kuwa na vidudu vinavyokula mizizi, na pengine ugonjwa wenyewe. Shamba la mahindi ao maharagi linafaa, ao mahali palipokaa majani kwa miaka. Musichukue chini ya miti ya kaliptusi, juu majani yake yanasumbua mimea midogo. Na vitabu vinaposema "udongo wa pori", havitutume kuchimba ndani ya Parke ya Virunga: ni katazo, na ni hatari. Udongo mweusi wa shamba unatosha.

*2. Kitu cha kufungua udongo.* Udongo mwekundu wa milima yetu ya Butembo ni muzuri katika shamba, lakini ndani ya sashe unakauka sawa tofali. Unahitaji muchanga wa muto wenye punje kubwa. Muchanga mwembamba sawa unga hausaidii, unaziba zaidi. Mutie mukono mumoja wa muchanga ndani ya glasi ya maji na mukoroge: kama maji yanakuwa matope, muuoshe kwanza. Kama muchanga ni ghali ao uko mbali, maganda ya mpunga yanafanya kazi hiyo pia. Wale wa upande wa Beni wanayapata kwenye mashini za mchele. Maganda ya kahawa yanafaa kama yameoza kwa miezi.

Tuseme neno juu ya unga wa mbao. Ni muzuri kwa kulaza mashina, lakini ndani ya sashe, ukiwa mupya, unanyanganya muche azoti wakati unaoza. Majani yanakuwa meupe-meupe na muche haukue. Mutumie tu ule wa zamani, uliogeuka mweusi. Na musitumie kabisa ule wa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu.

*3. Kitu cha kulisha.* Mbolea ya ngombe ao ya mbuzi, ao komposti, iliyooza kabisa. Ishara ni tatu: haiko moto mukitia mukono ndani, hainuke tena, na hamuwezi kutambua majani ndani yake. Mbolea isiyooza inaunguza mizizi. Ya kuku iko na nguvu sana. Mutie nusu tu ya kipimo.

Kipimo cha kuanzia

Mupime kwa ndoo ile ile, isiyojazwa kwa kusukuma:

- Kwa udongo mweusi unaovunjika vizuri: ndoo 3 za udongo, 1 ya muchanga, 1 ya mbolea.
- Kwa udongo mwekundu unaoshikamana: ndoo 2 za udongo, 2 za muchanga, 1 ya mbolea.

Tunasema "cha kuanzia" juu kila mulima uko na udongo wake. Butembo iko juu ya meta 1,700, kuko baridi, na sashe inakauka pole pole. Muchanganyiko ufunguke zaidi. Beni iko chini na joto ni nyingi. Hapo mukiongeza komposti kidogo, sashe haitakauka mbele ya mangaribi. Basi, jirani akiwapa kipimo chake, mumushukuru, kisha muupime udongo wenu wenyewe.

Majaribio mawili

*Jaribio la mukono.* Mulowanishe muchanganyiko kidogo, muufinye ndani ya mukono, kisha mufungue vidole. Ukibakia donge, na mukiligusa kidogo linavunjika, ni vizuri. Likibakia donge gumu lenye kungaa, udongo unashikamana kupita kiasi. Kama hakushikamane hata kidogo, muchanga umezidi.

*Jaribio la chupa.* Hili ndilo linaonyesha ukweli. Mutafute chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, na chupa ndogo ya siro ya watoto ya mililita 100.

1. Mukate chupa kubwa juu. Mutie lita 1 ya maji, muweke alama pale maji yanafika, kisha muyamwange.
2. Mutoboe matundu matatu madogo chini, na muyazibe na plasta.
3. Mujaze muchanganyiko wenye unyevu kidogo mpaka kwenye alama. Mugonge chupa chini mara mbili, sawa vile mutu anajaza sashe, na muongeze kama umeshuka.
4. Mutie maji pole pole mpaka yangae juu ya udongo. Mungoje dakika kumi, na muongeze kama yamezama.
5. Muweke chupa juu ya beseni na mutoe plasta. Mungoje mpaka iache kutonya.
6. Mupime maji ya beseni na chupa ya siro.

Maji yaliyotoka yanaonyesha nafasi ya hewa, juu pale maji yametoka, hewa imeingia. Kama mumepata chupa moja mpaka mbili za siro, ni kusema kati ya mililita 100 na 200 kwa lita ya udongo, muchanganyiko unafaa. Chini ya chupa moja, mizizi itakosa hewa: muongeze muchanga ao maganda ya mpunga, na mujaribu tena. Zaidi ya chupa mbili, sashe itakauka mbio: muongeze komposti.

Jaribio hili halipite saa moja, na vyombo vyake vinaokotwa bure. Pepinieri yenye haikupima inajifunza kisha wiki nne, wakati miche imekwisha kuoza.

Kupika udongo

Hata udongo uliochukuliwa mahali pazuri unaweza kuwa na vidudu. Muchukue pipa la chuma lililokatwa nusu. Muweke mawe matatu ndani, maji kidogo, na wavu ao vipande vya bati vyenye matundu juu ya mawe. Mutie udongo wenye unyevu, mufunike na gunia iliyolowana, na muwashe moto. Katikati ya udongo muzike kiazi ulaya kimoja. Kiazi kikiiva, udongo umeiva pia, mutoe moto. Watu wa Lubero hawatakosa kiazi!

Kisha kupika, muutandaze juu ya bashi safi na muache siku kadhaa mbele ya kupanda. Musiurudishe katika gunia lenye lilibeba udongo mwingine. Mikono, majembe na beseni, vyote vioshwe.

Hesabu ya sashe 200

Tuseme koperative inataka sashe 200, na kila sashe inabeba lita 2. Ni lita 400, ni kusema bidoni 20 za lita 20. Kwa kipimo cha 3-1-1: bidoni 12 za udongo, 4 za muchanga, 4 za mbolea. Kwa kipimo cha 2-2-1: bidoni 8 za udongo, 8 za muchanga, 4 za mbolea. Vitu vikichanganywa vinashuka kidogo, juu muchanga unaingia katika nafasi za udongo. Muandae bidoni mbili ao tatu za ziada. Mujue hesabu hii mbele ya kulipa mutu wa kubeba.

Kisha kujaza

- Matundu yawe pembeni, karibu na chini, na pia kwenye mwisho wa chini wa sashe.
- Musisukume udongo na ngumi. Mugonge sashe chini mara mbili, inatosha.
- Muache nafasi ya vidole viwili juu, ili maji yasimwangike.
- Muweke sashe chini ya kivuli, mahali panapoinama kidogo, si pale maji ya mvua yanakusanyika.
- Mutie maji asubui, kufuata kidole na si kufuata saa. Mwezi wa mvua, siku zingine hamutatia kabisa.

Muche ukiwa na urefu wa sentimeta 30 hivi na majani mazima, uko tayari kwa shamba. Lakini kama shamba lilikuwa na BXW, mungoje miezi sita hivi kisha kungoa migomba yote yenye ugonjwa. Ndani ya miezi hiyo, maharagi na mboga zinaweza kulimwa pale bila shida.

Kwa kuzungumza katika kikundi

1. Udongo wa sashe zetu za mwisho ulitoka wapi? Palikuwa migomba pale mbele?
2. Kila mwanamemba alete kopo la udongo wa kwake kwenye mukutano unaokuja. Tufanye jaribio la chupa pamoja: ni udongo wa nani unaachilia maji mengi? Ni wa nani unahitaji muchanga?
3. Nani atalinda pipa la kupika udongo, na namna gani wanamemba watapokezana kuni?
4. Katika pepinieri yetu, ni nani anatia maji? Anaanza na kidole, ao anaanza na aruzwari?

Mukimaliza majaribio, muandike kipimo chenu ndani ya kitabu cha koperative, pamoja na jina la mahali mulichukua udongo na muchanga. Musimu unaokuja, wale watakaofanya kazi ya pepinieri watajua pa kuanzia.