Somo la Afya: Tembe ya Maumivu ni ya Siku Chache



Msimu wa kulima ukifika, kila kikundi tunachotembelea tunakuta mambo yale yale. Mmoja anashika kiuno, mwingine goti limevimba, na kwenye pindo la leso ya mama fulani kuna karatasi iliyofungwa tembe nne au tano. Ukiuliza ni dawa gani, unajibiwa, "Ni ile ya maumivu tu." Mara nyingi hiyo ya maumivu tu ni diklofenaki, na kwenye pakiti utaona imeandikwa Diclofenac. Leo tuisome hii dawa, maana inasaidia kweli, na pia imetuumizia watu.

Kuna shosho mmoja katika kikundi tulichokuwa tukikifundisha ufugaji wa kuku. Magoti yalimsumbua sana. Akauziwa tembe dukani, na siku hiyo hiyo akapata nafuu, akaweza kuchota maji mwenyewe. Basi akaendelea: moja asubuhi, moja jioni, miezi minne. Sisi wenyewe tulimwona akimeza na hatukusema neno. Halafu akaanza kusikia kizunguzungu, na choo kikawa cheusi kama lami. Yeye alidhani ni mboga alizokula. Alipofikishwa hospitali alikuwa amevuja damu nyingi tumboni, ikabidi aongezewe damu. Alipona, lakini kuku wote na ng'ombe mmoja waliuzwa kulipa gharama.

Ilikuwaje dawa ya goti ikaharibu tumbo? Mahali palipoumia, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo huleta uvimbe na uchungu. Diklofenaki huzizuia, sawa na aspirini na ibuprofeni, ile ambayo wengi huiita Brufen. Mwanasayansi Mwingereza John Vane alieleza mwaka 1971 jinsi aspirini na jamaa zake zinavyofanya kazi hiyo, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Lakini kemikali hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi, na husaidia figo kupata damu ya kutosha. Ukizizuia gotini, umezizuia na tumboni.

Kwa hiyo wale wanaosema, "Mimi nadungwa sindano, haipiti tumboni," wanajidanganya. Dawa ikishaingia kwenye damu inafika kila mahali. Na chakula je? Ni vizuri kumeza baada ya kula, lakini bakuli la uji haliwezi kuzuia vidonda kwa mtu anayemeza kila siku.

Kosa lingine ni kuchanganya. Mtu amemeza diklofenaki, haijashika upesi, anaongeza Brufen. Hizo ni ndugu wa nyumba moja! Unaongeza hatari tu. Panadol, yaani parasetamoli, si ya ukoo huo, na mara nyingi ndiyo ya kujaribu kwanza. Mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa siku.

Sasa kipimo. Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine humeza diklofenaki ya miligramu 50 mara mbili au tatu kwa siku, isizidi miligramu 150 kwa siku nzima. Imeze siku tatu mpaka tano hivi, kisha uache. Kama uchungu bado upo, nenda kituo cha afya waangalie chanzo. Na tafadhali soma pakiti, kwa sababu ziko tembe za miligramu 100. Ukimeza hizo "moja mara tatu" kama ulivyozoea, umefika 300.

Wako watu ambao hawafai kuigusa bila daktari: mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, mama mjamzito, mwenye pumu, na mtoto. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema pia isitumiwe na mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Wenye presha mtusikilize vizuri. Mkimeza enalapril au losartan pamoja na tembe ya kukojoza maji, halafu mwongeze diklofenaki, figo zinaweza kushindwa, hasa mkiwa mnaharisha au mmeshinda juani bila kunywa maji.

Ukiona choo cheusi, ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, uso au miguu ikivimba, mkojo ukipungua, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya soko.

Shosho siku hizi hutumia kitambaa cha maji moto na mazoezi ya kunyoosha miguu aliyofundishwa hospitalini. Siku ngumu humeza Panadol. Bado anaumwa kidogo, hatutaki kuwadanganya.

Kazi ya kikundi: mkutano ujao kila mtu alete dawa zote za maumivu alizo nazo nyumbani, na mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Someni majina pamoja. Zile zilizofungwa kwa karatasi bila jina, wekeni kando, mhudumu azipeleke kituo cha afya. Na kama kuna mwenzenu anayemeza kila siku, mzungumze naye pembeni baada ya mkutano, si mbele ya watu.