Jiwe Nalo ni Shahidi: Somo la Milima na Amana ya Elimu



Ndugu zangu, Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ya Rubavu ilitikisika siku kadhaa na nyumba zikapasuka. Hapa Mahoko wazee waliniuliza sababu, kwa kuwa nasoma dini. Nikajibu kwa uhakika kwamba mabamba ya dunia yanagongana chini yetu, nikaitolea dalili aya ya 88 ya Suratun-Naml. Nilikosea mara mbili, na somo hili ndilo masahihisho yangu.

Bamba linapozama

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea sentimita chache kwa mwaka. Mabamba mawili yakisukumana, lile zito la sakafu ya bahari huzama chini ya lenzake. Bahari ikishamalizika, mabara yaliyokuwa pande mbili hukutana, miamba hukunjamana na milima huinuka. Ndivyo Himalaya ilivyoinuka, bara Hindi lilipoigonga Asia.

Lakini mlima nao huisha. Mvua huumomonyoa na mito huubeba, hadi pabaki tambarare. Basi tutajuaje kwamba palikuwa na bahari na mlima? Tutaliuliza jiwe.

Ushahidi kutoka Usagara

Basalti ni mwamba mweusi unaofanya sakafu ya bahari. Ukizamishwa kilomita 50 au zaidi, madini yake hayastahimili mgandamizo wa huko. Bila kuyeyuka, hujipanga upya yakawa ganeti nyekundu na pairoksini ya kijani. Jiwe hilo huitwa eklojaiti.

Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walitangaza kuwa eklojaiti za kilima cha Yalumba, katika ukanda wa Usagara nchini Tanzania, zina umri wa miaka bilioni 2 hivi. Kemia yake inafanana na basalti ya sakafu ya bahari. Maana yake, mwamba huo ulizama pamoja na bamba lake, kisha ukarudishwa juu. Bahari yenyewe imetoweka zamani, ila shahidi wake yupo.

Chukua mfano mwingine. Andalusaiti, kayanaiti na silimanaiti ni madini matatu yenye viambato vilevile, na yote huzaliwa katika miamba iliyoanza kama tope. Andalusaiti hutokea kwenye mgandamizo mdogo, kayanaiti kwenye mgandamizo mkubwa, na silimanaiti kwenye joto kali. Kule Murka, Taita-Taveta nchini Kenya, kayanaiti ilichimbwa kwa biashara. Inatokana na ukanda wa milima iliyoinuka mabara yalipogongana, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita.

Kumpima shahidi

Sisi wanafunzi wa hadithi hatupokei riwaya kabla ya kumchunguza msimulizi: je, alikutana na anayemsimulia? Je, hifadhi yake ni thabiti? Wanajiolojia nao wana maswali yao.

Ganeti hukua tabaka juu ya tabaka, na njiani humeza chembe za madini yaliyoitangulia. Ukiikata katikati, unasoma safari yake kutoka ndani kwenda nje, mfano wa isnadi. Lakini joto likizidi kwa muda mrefu, tabaka huchanganyika, sawa na msimulizi ambaye hifadhi yake imeharibika.

Zikoni ndiyo hutunza tarehe. Inapoumbika hupokea urani na hukataa risasi. Urani hugeuka risasi kwa kasi inayojulikana, hivyo risasi iliyomo leo hueleza umri. Hata hivyo, zikoni yaweza kurithiwa kutoka mwamba wa kale zaidi, ikatoa tarehe ya tukio ambalo mwamba huu haukulishuhudia. Ndiyo maana hukumu haitolewi kwa punje moja.

Turudi nyumbani

Mawe ya Nyiragongo yanasemaje? Lava yake ina silika kidogo na hutiririka upesi. Si lava ya bamba linalozama. Kivu ipo ndani ya Bonde la Ufa la magharibi, ambako Afrika inatanuka na kupasuka. Kwa hiyo mitetemeko ya 2021 ilitokana na ardhi kutanuka na magma kupenya kwenye nyufa.

Vilima vya magharibi mwa Rwanda ni habari nyingine. Mwanzo vilikuwa tope na mchanga, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, vikabanwa na kuchomwa. Baadaye, karibu miaka bilioni moja iliyopita, iliingia matale iliyotuletea madini ya bati na koltani. Kwa hiyo mawe mawili yaliyolala jirani yanaweza kusimulia matukio mawili tofauti.

Ama ile aya, iliyotangulia inataja kupulizwa kwa parapanda, na wafasiri wengi wameifahamu kuwa inahusu Siku ya Kiyama. Sikuwa na haki ya kuifanya dalili ya jambo nililolisikia kwenye video. Qur'ani yatuhimiza kuitazama milima. Kutazama huko ni ibada, na kusema bila elimu ni kuvunja amana. Nimewarudia wale wazee, nikawaambia nilikosea.

Maswali ya halaka

1. Kwa nini eklojaiti ni ushahidi wa bamba kuzama?
2. Ni lini tarehe ya zikoni isichukuliwe kuwa umri wa mwamba?
3. Ukiulizwa usilolijua, utajibu nini?

Wallahu a'lam.