Tutazamapo Sinema na Watoto, Tuwatazame Watoto Wenyewe

 

Somo letu safari hii latokana na kosa. Si kosa la wazazi, ni letu sisi tulioandaa. Tunalieleza wazi kwa sababu laweza kutokea katika nyumba yoyote hapa Tiwi, iwe Simkumbe, Magodzoni au kwingine, madhali nyumba ina simu au televisheni na ina mtoto wa chini ya miaka saba.

Zamani sinema ilikuja kwa gari. Wazee wanakumbuka kitambaa cheupe kikitundikwa uwanjani, wakubwa kwa wadogo wakikaa chini, na ikiisha gari likaenda zake. Halafu zikaja kanda za video na vibanda vya kulipia. Siku hizi muvi iko kwenye simu ya mama, iko kwenye flashi ya kaka, imetafsiriwa na DJ Afro au haikutafsiriwa, na mtoto wa miaka minne anajua kuifungua kuliko bibi yake. Basi swali la kama watoto watatazama lilikwisha zamani. Lililobaki ni watatazama na nani.

Ndiyo sababu tukaanzisha Jumamosi za familia ukumbini. Mzazi aje na watoto wake, mkeka, na bisi kidogo. Filamu ya kwanza tuliyochagua ni The Lion King, ile katuni ya Disney ya mwaka 1994. Tusiseme uongo, hatukufikiri sana. Ina wanyama, ina nyimbo, ina majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, hata fisi mmoja aitwa Shenzi, jambo lililowachekesha watoto kupita kiasi. Kule Marekani ilipewa alama ya kutazamwa na watu wa umri wowote. Tukaona hapa hakuna neno.

KILICHOTOKEA

Tulichelewa kuanza. Stima zikapotea kama nusu saa. Ilipokaribia magharibi akina mama wakaanza kuinuka, manake kuna chajio na kuna swala, tukazima mashine tukasema tutamalizia Jumamosi ijayo. Wale watoto wakubwa walilalamika kwamba wimbo wa "Hakuna matata" haujafika. Wadogo walinyanyuliwa wakabebwa.

Sasa tazameni tuliyaacha mambo wapi. Mufasa, babake Simba, amekufa kwa kukanyagwa na kundi la nyumbu. Scar, ndugu yake Mufasa, ambaye ndiye aliyepanga kifo hicho, amemwambia yule mtoto Simba kwamba ni yeye aliyesababisha babake afe, kwa hiyo akimbie asirudi tena. Kisha amewatuma fisi wakammalize. Simba yuko mbioni. Hapo ndipo tulipozima.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mazishi, hatukuonyesha kitu. Wiki ya pili akaja mama mmoja ofisini. Jina lake na kijiji chake tunavihifadhi. Mumewe alikuwa mvuvi. Alitoka na ngalawa msimu wa kusi, hakurudi, na mwaka ulikuwa haujatimia. Mtoto wao ana miaka mitano.

"Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza upya," alisema. "Pwani hataki hata kusikia. Na usiku ananiamsha aniulize fisi wanakuja lini."

Sisi tulimwona mtoto huyo siku ile ya filamu, na hilo ndilo linalotuuma. Nyumbu walipoanza kukimbia wenzake walipiga kelele. Simba alipojilaza ubavuni mwa babake aliyekufa, wengine wakalia. Yeye hakulia. Aliivuta fulana yake mpaka magotini, akawa anatazama mlango. Mmoja wetu akanong'ona, "Huyu mtoto mtulivu kweli."

Tukamwendea nyumbani. Hatukumhoji, mtoto wa umri ule ukimhoji anakupa jibu unalolitaka wewe. Tuliketi mkekani, mamake akikuna nazi, tukampa karatasi na rangi. Akachora ngalawa. Akachora fisi, wengi. Tukamuuliza fisi hawa wanamtafuta nani. Akasema, "Mimi."

Ilichukua ziara mbili kuyapata mengine. Usiku ule babake alipokuwa akijitayarisha, mtoto alitaka kwenda naye baharini. Akakatazwa. Akanuna, akamwambia, "Basi enda, usirudi." Mamake alipolisikia neno hilo tena aliuacha ule mbuzi wa nazi. Alilikumbuka. Alidhani mtoto alilisahau palepale, kama watoto wanavyosahau.

Hakulisahau. Amekaa nalo miezi yote hiyo, na kisha sisi tukamwonyesha kwamba mtoto anaweza kumuua babake pasipo kutaka, na kwamba fisi hutumwa. Tukazima stima tukamwambia kwaheri.

MTOTO MDOGO ANAONA NINI?

Kuna jaribio moja la Marekani lililoandikwa mwaka 1990 ambalo sisi hulipenda sana. Profesa John Flavell na wenzake waliwaonyesha watoto televisheni yenye picha ya bakuli la bisi, wakawauliza: tukiipindua televisheni hii juu chini, bisi zitamwagika? Wengi wa miaka mitatu walisema ndiyo. Wa miaka minne walikuwa wamekwisha kujua zaidi. Basi ukikaa na mtoto wa miaka mitatu, kumbuka bisi. Simba kwake si picha. Simba yumo mle ndani.

Mwanamke mwingine mtaalamu, Joanne Cantor, alifanya utafiti wa miaka mingi juu ya hofu za watoto mbele ya televisheni. Aliona kwamba watoto wadogo huogopa sura: meno, macho, umbo linalogeuka. Wakubwa huogopa yale yanayoweza kutokea kweli. Tena aliona kwamba kumwambia mtoto mdogo "hiyo ni uongo tu" hakumsaidii sana. Kinachomtuliza ni kupakatwa, kupewa maji, kushikwa mkono, kuondolewa pale. Maneno ya kueleza hufaa zaidi akishavuka miaka saba au minane. Na sisi wazazi tunafanya kinyume: mtoto wa miaka mitatu tunamhutubia, wa miaka kumi tunampa maji!

Lipo la tatu, na kwa mtoto wetu huyu ndilo kubwa. Watu waliochunguza akili za watoto tangu enzi za Mswisi Jean Piaget wameeleza kwamba mtoto mdogo hufikiri maneno na matakwa yake yana nguvu juu ya dunia. Amesema "usirudi", na baba hakurudi. Kwake hesabu imetimia. Hakuna mtu aliyemwambia ni kosa lake, ila hakuna aliyemwambia si kosa lake pia, manake nani angedhani analiwaza?

Mwisho wa filamu nao anauona tofauti na sisi. Mtu mzima anajua hadithi ya watoto itaishia vyema, ndiyo maana anaendelea kutafuna bisi. Mtoto wa miaka mitano hana hakika hiyo. Kwake hadithi imefika pale ilipofika.

Juu ya kuiga hatutasema mengi, kila mzazi ameona watoto wakirushiana mateke baada ya muvi. Albert Bandura alilithibitisha mwaka 1961 kwa watoto waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupulizwa hewa, na mwaka 1963 akaona kuwatazama watu kwenye filamu kunaleta matokeo ya namna hiyohiyo. Tunaloongeza sisi ni kwamba macho ya wazazi hukimbilia mateke kwa kuwa yana kelele. Hofu haina kelele.

Hebu basi, filamu ikiendelea, mara moja moja geuza shingo. Yupi amesogea karibu nawe? Yupi anataka kwenda choo kila mara wakati yule mbaya anapotokea? Yupi anacheka mahali pasipochekesha? Yupi anauliza swali moja mara nne? Na kwa siku kadhaa baadaye, anacheza mchezo gani? Katika ukumbi wetu mtoto mmoja wa kike wa miaka minne alikataa peremende ya baba yake mdogo wiki nzima, na yule bwana akaudhika sana asijue kosa lake. Kosa lake ni kwamba Scar ni baba mdogo wa Simba. Tulicheka, lakini si la kuchekwa sana. Huku kwetu baba akifa mara nyingi ni baba mdogo anayesimamia mji, na mtoto anapaswa kumwamini.

TULIVYOFANYA, NA MNAVYOWEZA KUFANYA

Tulirudi na filamu ileile nyumbani kwa yule mama, kwenye kompyuta ndogo, mchana, mlango wazi. Mtoto alikaa mapajani. Tulimwuliza kwanza kama anataka kuona Simba alifika wapi, akafikiri, akakubali. Tulianza pale tulipokomea. Kuelekea mwisho Scar anakiri kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyemuua Mufasa. Filamu ni ya Kiingereza, kwa hiyo tukalitafsiri neno hilo polepole. Mtoto akageuka kumtazama mamake.

"Mama, kumbe alimdanganya."

"Alimdanganya."

"Simba hakumuua babake."

"Hakumuua. Na wewe hukumuua babako. Bahari ilichafuka."

Akaomba irudishwe nyuma pale. Tukairudisha mara tatu. Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yalikwisha siku ile. Kitanda kiliendelea kulowa wiki kadhaa, na pwani sasa anafika hadi kwenye mnazi wa mwisho, hapo anasimama. Lakini fisi hawaulizi tena. Tukiona mtoto hapungukiwi na hofu, halali wala hachezi, tunawashauri wazazi wampeleke kwenye zahanati au waje kwetu tuelekezane kwa mshauri.

Kwa upande wa nyumbani: itazame filamu wewe kwanza, au angalau mwulize aliyeitazama. Alama za Bodi ya Kuainisha Filamu zisaidie: GE ni ya watu wote, PG ni mtoto atazame chini ya uongozi wa mzazi, halafu kuna 16 na 18. Ila mmeona wenyewe, alama haimjui mtoto wako. Haijui nani amefiwa, nani alilazwa hospitali, nyumba ya nani iliungua.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Sasa The Lion King ni kama dakika 88. Kwa hiyo kwa wadogo itabidi kuikata, hatuna budi. Basi chagua pa kuikatia. Usikate kwenye kifo wala kwenye mbio. Ngoja Simba aokotwe na Timon na Pumbaa, acheke, ale, ndipo uzime. Stima zikikukatia mahali pabaya, maliza hadithi kwa mdomo. Bibi zetu walisimulia ngano za mazimwi gizani, na hawakumpeleka mtoto kulala zimwi likiwa bado hai.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 1994, ule mwaka filamu hii ilipotoka, aliandika kuhusu televisheni na familia. Aliwahimiza wazazi wapange kitakachotazamwa, wazungumze na watoto juu ya waliyoyaona, na pengine wazime tu. Tunakubaliana naye, na tunaongeza kwa unyenyekevu: tuzime tukijua tumewaacha watoto wapi.

Tumeulizwa kama basi tuache filamu zenye kifo. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 2018 Mkenya mwenzetu Likarion Wainaina alitoa filamu Supa Modo, ya msichana wa miaka tisa aitwaye Jo, mgonjwa asiyepona, apendaye kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake. Wazungumzaji wake wanatumia Kiswahili kwa wingi, kwa hiyo hahitajiki mkalimani. Tumeiona na watoto wa darasa la tano kwenda juu pamoja na wazazi wao. Walilia, akina baba pia. Kisha walikaa nje zaidi ya saa nzima wakizungumza, na watoto wawili wakataja ndugu zao waliokufa, majina ambayo nyumbani yalikuwa hayatajwi. Kwa wa miaka mitano bado hatuionyeshi.

Jumamosi za familia zinaendelea. Siku hizi tunaanza saa nane mchana, na mmoja wetu hukaa mbele, mgongo kwa filamu, uso kwa watoto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Mtoto wako alitazama nini mara ya mwisho, na wewe ulikuwa wapi?

2. Je, kuna mtoto katika jumuiya yenu aliyefiwa na mzazi au ndugu? Nani amekaa naye akamweleza, kwa maneno ya umri wake, ni nini kilichomuua? Kama hakuna, nani atakwenda?

3. Ulipokuwa mdogo, ni hadithi au sinema gani iliyokutia hofu? Ulimwambia nani?