Kuvu au Bakteria? Picha za CT na Maradhi ya Sinasi

Katika mifupa ya uso wa binadamu mna vyumba vyenye hewa viitwavyo sinasi: mashavuni, katika paji la uso, baina ya macho na nyuma ya pua. Kwa kawaida kamasi hutoka humo na kuingia puani kupitia vijitundu vyembamba. Vijitundu hivyo vikizibika, kamasi hutuama na uso huuma. Mara nyingi chanzo ni virusi au bakteria. Mara chache ni kuvu, yaani fangasi. Dalili hufanana sana, lakini antibayotiki ziuazo bakteria haziui kuvu.

Hapo ndipo picha ya CT inaposaidia. Chombo hiki, kilichobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield na kutumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971, hupitisha eksirei mwilini kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa jinsi kila sehemu ndogo inavyozuia mionzi. Katika kipimo chenye jina la Hounsfield, maji ni 0, hewa ni −1000, na mfupa mgumu huweza kupita 1000.

Kamasi nyepesi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo huonekana ya kijivu. Kuvu iliyorundikana kwa muda mrefu hukusanya kalsiamu, na pengine chuma na manganizi, huku kamasi inayoizunguka ikikauka. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba oksijeni ina protoni 8, kalsiamu 20 na chuma 26. Kadiri protoni zinavyozidi, ndivyo atomu inavyozuia eksirei zaidi. Ndiyo sababu madoa meupe hutokea ndani ya kijivu. Donge la kuvu kwa kawaida hukaa katika chumba kimoja tu, hasa cha shavuni, na madoa yake huwa katikati. Uvimbe usio wa kuvu mara nyingi hushika pande zote mbili, na madoa, yakiwapo, hukaa karibu na ukuta.

Hata hivyo usaha wa zamani uliokauka nao huweza kung'aa, na saratani pia hula mifupa. Uthibitisho hupatikana kwa kuchunguza kipande cha nyama ya mgonjwa kwa hadubini.

Tena kuna kuvu ya hatari zaidi, inayowashambulia wenye kinga dhaifu, kama wagonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa. Nchini India mwaka 2021 iliwapata watu wengi waliougua UVIKO-19. Kuvu hiyo hupenya mishipa ya damu na huweza kufika jichoni na kwenye ubongo kwa siku chache. Madoa meupe mara nyingi hayaonekani, na katika siku za mwanzo hata mifupa huweza kuwa mizima katika picha. Mgonjwa wa kisukari akija na jicho lililovimba na kidonda cheusi puani, daktari huagiza picha, lakini hukata kipande cha nyama na kuanza dawa ya kuvu siku hiyo hiyo.