Kompyuta Inapogonga kwa Ndani



Wengi wetu hutunza nakala za vyeti, mikataba ya mashamba na hesabu za duka katika kompyuta ya mezani. Tuisikilize. Mvumo mfululizo, unaozidi mashine ipatapo joto, aghalabu hutoka kwenye feni iliyojaa vumbi, na vumbi la Kobero wakati wa kiangazi hatuna haja ya kulieleza. Zimeni, chomoeni waya, isafisheni.

Sauti ya kugonga yenye mpigo, au mkwaruzo, ni ya diski yenyewe. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Kikiigusa, hukwangua yaliyoandikwa. Ikiwa bado inasomeka, nakilini mara moja hati zisizo na mbadala, nyimbo zisubiri. Isiposomeka, izimeni, wala msiifungue.

Mkiipeleka kwa fundi, mnamkabidhi siri za nyumba. Mchagueni mnayemfahamu, mwandikiane, na diski iliyokufa irudi mikononi mwenu: mwenye ujuzi aweza kuisoma.