SOMO: Unapokea bitcoin dukani? Weka nodi yako nyumbani

Somo la leo ni la wale wachache kati yetu wanaopokea bitcoin. Kama wewe hupokei, soma tu, huko chini kuna habari ya matapeli ambayo itakufaa.

Kwanza nieleze kosa langu. Duka langu ni la simu na chaja, hapa Mtwapa. Siku mbili kabla ya Idi, duka limejaa watu, akaja mzee mmoja baharia. Alitaka simu ya mama yake, shilingi 18,500. Akauliza kama napokea bitcoin, nikamwambia ndiyo. Akatuma, akanionyesha simu yake: imetumwa. Nikafungua pochi yangu kwenye simu, hakuna kitu. Nikangoja nusu saa, hakuna kitu.

Sasa sisi sote tumefunzwa na meseji feki za M-Pesa. Mteja anakuonyesha meseji, jina lako limo, kiasi kimo, ukiangalia salio lako hakuna hata shilingi. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: simu ya mteja si ushahidi. Nikamwambia, "Ami, hapa hakuna kilichoingia, simu haitoki." Akajibu, "Mwanangu, mimi nimelipa." Watu wakaanza kutazama. Kijana mmoja akacheka, akasema siku hizi hata wazee ni matapeli. Mzee akaondoka bila simu na bila pesa zake.

Saa nne usiku pesa zikatokea kwenye pochi yangu, na saa iliyoandikwa ni ya mchana ule ule. Mzee alilipa kweli. Seva ya kampuni ya ile pochi ndiyo iliyokuwa imekwama mchana kutwa. Bahati nilikuwa nimeandika namba yake kwenye kadi ya garantii. Nilimpigia, nikampelekea simu mwenyewe kwa bodaboda. Lakini ile aibu ya mbele za watu, wallahi, hiyo sikuweza kuipakia kwenye bodaboda.

Kanuni yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba sikuwa na daftari langu mwenyewe la kutazama. Pochi nyingi za simu hazina daftari ndani yake. Kila ukizifungua zinauliza seva ya mtu mwingine: anwani hizi zina kiasi gani? Seva ikikwama, na wewe umekwama. Seva ikikudanganya, umedanganywa.

Nodi ni hilo daftari. Ni programu unayoweka kwenye kompyuta yako, inapakua malipo yote ya bitcoin tangu bloku ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, na inayakagua moja moja. Haimwamini mtu. Mtu akitumia pesa zile zile mara mbili, inakataa. Mchimbaji akijiandikia zawadi kubwa kuliko inayoruhusiwa (tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125 kwa bloku, pamoja na ada), inakataa bloku nzima. Ile kanuni ya bitcoin kutozidi milioni 21 hailindwi na benki wala ofisi yoyote, inalindwa na kompyuta kama hizi kwenye nyumba za watu. Mwaka 2017 makampuni makubwa yalikubaliana kubadilisha ukubwa wa bloku, wenye nodi wengi hawakutaka kuweka programu ile, na mwezi wa Novemba mpango ukasimamishwa.

Halafu kuna faragha, na hapa ndipo wafanyabiashara tunalala. Hiyo seva ya pochi inaulizwa anwani zako zote, tena kutoka kwenye intaneti yako. Kwa hiyo mwenye seva anaweza kujua anwani hizi zote ni za mtu mmoja, zina kiasi gani, zinaingiza wakati gani, na mtu huyo yuko upande gani wa dunia. Ni kama kumpa jirani kitabu chako cha madeni akusomee kila jioni. Huenda ni mtu mwema, lakini anajua. Nodi yako inapakua daftari zima, basi hakuna anayejua wewe unasoma ukurasa gani.

Lakini tusidanganyane. Daftari la bitcoin ni la wazi kwa kila mtu. Ukibandika anwani moja ukutani mwaka mzima, yeyote anaweza kuona mauzo yako yote, nodi au hakuna nodi. Tumia anwani mpya kwa kila mteja, pochi nzuri hufanya hivyo yenyewe. Na mahali ulipobadilishia bitcoin kuwa shilingi ukatoa kitambulisho, hao wanakujua. Wala faragha si kukwepa kodi, mauzo ni mauzo.

Sasa vifaa. Wengi mtandaoni wanapendekeza Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo. Ni kizuri, kinakula umeme kidogo. Mimi nilichukua laptop ya mitumba yenye RAM ya GB 8, na sababu yangu ni moja tu: betri. Nilijifunza kwa machungu. Laptop ya kwanza niliyotumia betri yake ilikuwa imekufa, ikawa inafanya kazi kwa waya tu. Siku ya nne ya kupakua, stima ikapotea. Iliporudi, programu ikasema kumbukumbu zake zimeharibika, ikaanza kukagua daftari upya toka mwanzo. Siku nne zimekwenda na maji. Kabla hujanunua laptop, chomoa waya mbele ya muuzaji uone inakaa muda gani.

Diski iwe SSD ya TB 1 au zaidi. Daftari zima sasa limepita GB 600 na linaongezeka kila mwaka. Ile diski ya zamani ya kuzunguka itakuchosha, kukagua kutachukua wiki na wiki.

Programu ni Bitcoin Core, ni bure, ipakue bitcoincore.org peke yake. Zipo tovuti za kuiga. Pale pale wameweka alama za uhakiki, linganisha na faili ulilopakua kabla hujalifungua. Usione uvivu, hii ni pesa.

Kuhusu intaneti: usithubutu kwa bando. Tafuta intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo. Watu hudhani ukichagua ile njia ya kupunguza, ambapo nodi inabakiza kipande kidogo tu cha daftari (hata MB 550), basi na kupakua kutapungua. Hapana. Inapakua zote, inakagua zote, halafu inafuta za zamani. Unaokoa diski, hauokoi bando. Na ukichagua njia hiyo, ukija na pochi ya zamani haitaweza kuona malipo yake ya nyuma, maana kurasa hizo zimeshafutwa.

Nodi ikishamaliza, unganisha pochi yako nayo. Usiache hapa! Nimeona mtu ana nodi nzuri nyumbani na pochi yake bado inauliza seva ya kampuni. Kwenye laptop mimi natumia Sparrow, inaongea na Bitcoin Core moja kwa moja. Ili pochi ya simu nayo isome hapo, unaongeza programu nyingine inayoitwa electrs, na hiyo inataka daftari zima, si kile kipande. Mimi nikiwa dukani simu inafika nyumbani kwa kupitia Tor. Inachelewa sekunde chache, nishazoea.

Yale maneno 12 ya siri usiyaweke kwenye kompyuta ya nodi. Weka pochi ya kutazama tu, inayoona pesa bila kuweza kuzitoa. Mwizi akibeba laptop, amebeba laptop.

Habari ya matapeli sasa. Nodi ya Bitcoin hailipi. Si kuchimba. Haikuletei hata senti moja kwa siku. Mtu akikwambia lipa elfu tano tukuwekee nodi upate faida kila jioni, huyo anataka hizo elfu tano. Na hakuna fundi wa nodi anayehitaji maneno yako 12.

Je, kila mwenye duka anahitaji hii? Hapana. Kama unapokea bitcoin mara moja kwa miezi mitatu, au unauza vocha za hamsini, gharama haitarudi. Mimi laptop na diski vilikula karibu elfu ishirini na sita. Niliona bora hivyo kuliko kumwita mtu mwingine mwizi.

Na nodi haiponyi haraka. Malipo yakionekana lakini hayajaingia kwenye bloku, mtumaji bado anaweza kuyabadilisha kwa kuongeza ada akajirudishia pesa. Bloku huja kama kila dakika kumi, wakati mwingine hata saa nzima. Kwa simu ya elfu kumi na kitu nangoja bloku moja, naagiza chai tunywe na mteja. Kwa mzigo mkubwa nangoja sita.

Yule mzee alirudi baada ya miezi miwili kununua chaja. Nikamwambia, "Ami, sasa bitcoin iko sawa, nina daftari langu." Akacheka, akalipa keshi.