Kazi ya Ualimu Ng'ambo: Watoto Tuwalelee Wapi?

Somo la kusoma pamoja kwanza: Mathayo 2:13-23



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalozidi kubisha hodi katika nyumba za walimu. Mwalimu amefundisha miaka kumi au zaidi, na siku moja anapokea mkataba wa kwenda kufundisha nchi nyingine. Wako waliokwenda Rwanda, hasa baada ya nchi ile kuamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Wako walio Dubai, Doha na Muscat. Wengine wako Marekani kwa mpango wa kubadilishana walimu. Mkataba ukifika, nyumba nzima hushangilia, na majirani huja kunywa chai. Maswali huja usiku, taa ikishazimwa. Twende sote? Aende mmoja? Na watoto, watakulia wapi?

Tumwangalie Mtakatifu Yosefu. Kwa kawaida tunakumbuka jinsi alivyoondoka usiku kwenda Misri pamoja na Mariamu na mtoto. Lakini someni tena mistari ya mwisho ya somo letu. Herode alipokufa, Yosefu alirudi, na hapo ilimbidi afikiri upya. Uyahudi kulikuwa na Bethlehemu, mji wa ukoo wake wa Daudi. Alisikia kwamba Arkelao anatawala huko mahali pa baba yake, akaogopa, na baada ya kuonywa katika ndoto akaenda Galilaya, akakaa Nazareti. Nazareti haikuwa mji wa sifa. Basi Yosefu hakuuliza tu, "Nitapata kazi wapi?" wala, "Ukoo wangu unatoka wapi?" Aliangalia mahali ambapo mtoto angeweza kukua kwa amani. Tena mara zote mbili, kwenda na kurudi, alimchukua mtoto pamoja na mama yake. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika hati yake ya mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliiweka Familia Takatifu mbele yetu kama mfano wa kila familia inayoishi ugenini.

Kanisa halikatazi mume na mke kutengana kwa muda kwa sababu ya kazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 104, inataka wanandoa wawe na makao ya pamoja, lakini inakubali kwamba kwa sababu ya haki kila mmoja anaweza kuwa na makao yake. Hati ya Haki za Familia iliyotolewa na Roma mwaka 1983, katika kifungu cha 12, inasema kwamba wafanyakazi wahamiaji wana haki ya kuona familia yao imeunganishwa mapema iwezekanavyo. Angalieni neno hilo "mapema". Na Mtakatifu Paulo, katika sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawaruhusu wanandoa kuachana kwa muda tu, kwa kupatana wawili, kisha warudiane. Mwaliko huo ni wa sala, si wa mshahara, lakini yale masharti mawili, kupatana na muda, yanatufaa sana hapa.

Nakumbuka mwalimu mmoja aliyekwenda nchi za Ghuba kufundisha Fizikia. Alimwambia mkewe ni miaka miwili, ili wamalize nyumba na kulipa mkopo wa Sacco. Nyumba ilimalizika. Kisha kukawa na karo ya kifungua mimba, kisha kipande cha shamba, kisha gari. Miaka miwili ikawa saba. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuoa mwingine huko. Kila mwezi alituma pesa, na kila Ijumaa alipiga simu. Siku moja mtoto wake wa mwisho aliulizwa katika darasa la mafundisho baba yake yuko wapi. Akajibu, "Yuko kwa simu." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana mtoto yule alikuwa anasema kweli. Mwalimu huyo aliporudi kwa kudumu, alikuta nyumba yenye desturi zake, saa zake za kula na siri zake, naye akakaa ndani kama mgeni anayeheshimiwa. Walitumia miaka mingine mitatu kuzoeana. Watu wa kijiji walisema ametajirika.

Kosa halikuwa kwenda. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba hawakuweka tarehe ya kurudi au ya kuungana, wakaiandika, na kuiheshimu hata pesa zilipokuwa bado zinaingia.

Sasa tuje kwa familia ya pili. Mwaka juzi walinijia baada ya Misa ya pili mama mmoja, mwalimu wa Hisabati wa sekondari, pamoja na mumewe, fundi wa umeme. Mama alikuwa amepata nafasi ya kufundisha Marekani kwa miaka 3. Watoto ni watatu: mvulana wa Gredi ya 7, msichana wa Gredi ya 3, na mdogo aliyekuwa anaanza kutembea. Baba alisema kwa sauti ya mtu mkarimu, "Mimi nimemruhusu. Aende, sisi tutabaki na nyanya yao." Mama akaanza kulia.

Tulikaa chini ya mwarobaini, tukazungumza mpaka watu wote wakaondoka. Ilichukua muda baba kusema lililokuwa moyoni. Alikuwa amesoma masharti ya viza. Katika mpango ule wa walimu, mume au mke na watoto walio chini ya miaka 21 wanaruhusiwa kufuatana na mwalimu, lakini mwenzi haruhusiwi kufanya kazi mpaka aombe kibali kwa idara ya uhamiaji ya huko, na kibali huweza kuchukua miezi. Tena mapato yake hayatakiwi kuwa ndiyo yanayomtunza mwalimu. Baba akasema, "Mwalimu, mimi nitakuwa wa kukaa nyumbani, nikiosha vyombo na kungoja mke wangu aniletee pesa ya kunyoa nywele?"

Akina baba, tusimcheke. Wengi wetu tungesema hivyo hivyo, ila tungetumia maneno ya kuficha: "nyanya yao yupo", "mtaala utawachanganya watoto", "kuna baridi kali". Nimeona kwamba sababu ya kwanza inayotajwa huwa siyo yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kujadili shule na nyumba, kila mmoja amwambie mwenzake anachoogopa hasa. Mama naye aliogopa. Alihofu kwamba mdogo angemsahau, na kwamba akirudi angekuta mtoto anamwita nyanya "mama". Maneno hayo alikuwa hajayasema nyumbani, kwa sababu ukoo mzima ulikuwa umeshaanza kuchanga nauli.

Baada ya hofu kusemwa, hesabu ikawa rahisi zaidi. Na hesabu ni lazima ifanywe, kwa karatasi na kalamu, kwa maana nchi hazifanani. Kule Marekani, watoto wanaofuatana na mwalimu wa mpango huo husoma bila karo katika shule za serikali za msingi na sekondari. Lakini bima ya afya ni ya lazima kwa mwalimu na kwa kila mmoja aliyefuatana naye, na familia ya watu watano itahisi uzito wake. Muda ni miaka 3, nao huweza kuongezwa mwaka 1 au 2, basi. Katika nchi za Ghuba mambo ni kinyume. Watoto wa wageni kwa kawaida husoma shule za kulipia, na karo yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wenyewe. Shule nyingi hupunguza karo kwa mtoto mmoja au wawili wa mwalimu. Mwenye watoto wanne asome kifungu hicho mara mbili kabla ya kutia sahihi. Aulize pia kama mshahara wake unafikia kiwango ambacho serikali ya huko hudai ndipo mtu aruhusiwe kuleta familia, na kama nyumba anayopewa ni ya familia au ni chumba cha mtu mmoja.

Msisahau upande wa nyumbani. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC asiondoke kabla ya kupata ruhusa ya maandishi au kujiuzulu kwa utaratibu, kwa sababu kutoroka kazi ni kosa la nidhamu linaloweza kumwondoa katika orodha ya walimu. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na wadhamini hao ndio mtakaoketi nao kanisani mkirudi. Wakala wa kazi naye achunguzwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kupewa hata shilingi moja.

Juu ya masomo ya watoto, umri ndio jambo kubwa. Mtoto wa miaka mitano huzoea shule yoyote. Aliye karibu na mtihani wa Gredi ya 6 au ya 9 ana shida zaidi, na kalenda hazipatani: mwaka wetu wa shule huanza Januari, wa Marekani huanza Agosti au Septemba. Kabla ya safari ulizeni jinsi matokeo ya nje yanavyosawazishwa na namna mtoto atakavyopokelewa akirudi, kwa vile mtaala wetu wenyewe umekuwa ukibadilika tangu mwaka 2017. Kiswahili ni somo la lazima kwetu, nacho hupotea upesi kama hakisemwi mezani. Naongeza lugha ya nyumbani pia. Mtoto atakayerudi bila kuweza kumsalimu babu yake atakuwa amepoteza kitu ambacho hakuna cheti cha kukirudisha.

Sasa imani. Mimi ni katekista, na hapa mtanivumilia nikikawia. Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio waalimu wa kwanza wa watoto wao katika imani. Hapa nyumbani jumuiya ndogo ndogo, nyanya na katekista wanawasaidia sana, mpaka wengine wanafikiri kazi ni yetu. Ng'ambo msaada huo mara nyingi haupo. Ulizeni kanisa liko umbali gani kabla ya kuuliza soko liko wapi. Dubai kuna Parokia ya Mtakatifu Maria yenye waumini wengi mno, na Muscat kuna Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo. Papa Fransisko mwenyewe aliadhimisha Misa Abu Dhabi tarehe 5 Februari 2019. Lakini Saudi Arabia hakuna kanisa hata moja. Mwalimu anayepeleka watoto huko ajue kwamba Komunio ya Kwanza na Kipaimara vitangoja, na kwamba sala ya familia ndiyo itakayokuwa karibu yote waliyo nayo. Katika Oman na Qatar Dominika ni siku ya shule na kazi. Parokia za Ghuba husoma Misa Ijumaa na Jumamosi pia, nanyi lazima mjue saa.

Chukueni vyeti vya ubatizo vya watoto, vilivyotolewa karibuni, na cheti chenu cha ndoa. Kama mtoto yuko katikati ya mafundisho, ombeni barua ya paroko inayoeleza amefika wapi, ili asianzishwe upya. Akipata Kipaimara huko, habari itumwe parokia alikobatizwa iandikwe kitabuni. Nimetumia siku nyingi kutafuta majina ambayo hayakuandikwa, wakati harusi imebaki wiki mbili.

Mtaniuliza familia ile ya chini ya mwarobaini iliamua nini. Baba alisema ataongozana na mkewe, na kwamba katika miezi ya kungoja kibali yeye ndiye atakayekaa na mdogo. Nyanya alipinga mwanzoni, akisema mwanaume hakai na mtoto. Kuhusu mvulana mkubwa walibishana wiki mbili. Baba alitaka abaki katika bweni asipoteze mtaala. Mama alikataa. Hatimaye walimwita mvulana mwenyewe wakamwuliza, jambo ambalo nakiri sikuwa nimelifikiria. Akasema anaogopa kuchekwa kwa Kiingereza chake, lakini anaogopa zaidi kubaki peke yake wadogo zake wakiondoka. Wakaenda wote watano. Waliandika katika daftari kwamba ni miaka 3, na kwamba kuongeza mwaka wowote kutakubaliwa na wote wawili, wakiwa uso kwa uso. Baada ya miezi sita baba aliniandikia kwamba amejifunza kusuka nywele za msichana, vibaya, na kwamba mvulana amefeli Historia ya Marekani lakini yumo katika timu ya mpira.

Si kila familia itaweza hivyo. Kuna walio na wazazi wagonjwa, na kuna mikataba isiyoruhusu. Wanaolazimika kutengana waweke tarehe, wajue nauli ya likizo inatoka wapi kabla ya mshahara wa kwanza kugawanywa, na aliyebaki asifanywe mlinzi wa nyumba tu bali aamue pamoja na aliyeondoka.

Kwa jioni moja ya wiki hii, watoto wakishalala, someni tena lile somo la Mathayo, kisha kila mmoja ajibu kwa zamu bila kukatizwa. Ninaogopa nini kuhusu safari hii ambacho sijakisema? Tukienda wote, nani atapoteza zaidi, na tutamsaidiaje? Tukitengana, tarehe gani tutakuwa chini ya paa moja? Nani atawafundisha watoto sala na katekisimu, siku gani ya wiki? Na nani atakayezungumza na mtoto wetu mkubwa, kabla hajasikia habari hizi kwa majirani?